Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vidokezo 13 vya Kupachika J Ndani ya Python

Una programu yako ya Python. Inapokea data, inatuma ujumbe mfupi kwa wateja, inachapa risiti, mambo shwari. Ila kuna kona moja, ile ya mahesabu, ambako vitanzi vimo ndani ya vitanzi, na kila mwisho wa mwezi unaogopa hata kuigusa. Habari njema: huhitaji kubomoa nyumba. Karibisha mgeni!

Mgeni mwenyewe ni J, mojawapo ya lugha za safu, zile zisizohangaika na namba moja moja bali zinashika jedwali zima na kulifanyia kazi kwa mpigo. Kenneth Iverson, Mkanada aliyebuni APL na kupata Tuzo ya Turing mwaka 1979, ndiye aliyeileta J mwaka 1990 akishirikiana na Roger Hui. APL ina alama zake za pekee, lakini J inaandikwa kwa kibodi hiyo hiyo uliyonayo mezani. Na raha kubwa ni hii: injini yote ya J ni maktaba moja tu iitwayo libj, ambayo programu yoyote inaweza kuipakia. Hata jconsole, ile skrini ya J unayoifungua kwenye kompyuta, ni mwenyeji tu anayeiita maktaba hiyo. Kwa hiyo unaingia kwa mlango ule ule wanaoingilia wenye nyumba.

Mifano yangu inatoka kwenye kazi niliyoifanyia chama kimoja cha ushirika cha wafugaji: wafugaji 400, siku 30, lita za maziwa za kila siku. Haya, tuanze!

1. Mpe Mgeni Kazi Anayoijua

Mtandao, hifadhidata, tarehe na risiti viache kwa Python, inavimudu vizuri. J ipe jedwali la namba. Unataka kujua upesi pa kuanzia? Fungua msimbo wako utafute `for` iliyo ndani ya `for` nyingine. Hapo ndipo penye kiti cha mgeni. Malipo ya wafugaji wetu yalikuwa vitanzi viwili, kimoja cha wafugaji na kimoja cha siku. Ndani ya J, lita zikiwa jedwali la 400 kwa 30 na bei zikiwa orodha ya siku 30, kazi yote ni hii:

    malipo =: lita +/ . * bei

Basi! Kila lita imezidishwa kwa bei ya siku yake, kila mfugaji amejumlishiwa, malipo 400 yametoka. Na umeona majina? J haina shida na Kiswahili hata kidogo.

2. Mtambulishe Kabla ya Kumwita

Python inakuja na ctypes tayari, hivyo hakuna cha kusakinisha zaidi ya J yenyewe, pamoja na NumPy, maktaba ya safu ya Python tutakayoitumia baadaye. Mistari ya kumkaribisha mgeni ni mitatu:

    j = ctypes.CDLL("./libj.so")
    j.JInit.restype = ctypes.c_void_p
    jt = j.JInit()

Mstari wa pili ndio roho ya jambo. Ukiuacha, ctypes itadhani JInit inarudisha namba kamili ya biti 32, na kwenye kompyuta ya biti 64 anwani ya kumbukumbu itakatwa katikati. Programu inazima ghafla bila neno la kwaheri. Mimi nilikesha usiku mzima na hitilafu hii. Wewe itakugharimu sekunde kumi. Fanya vivyo hivyo kwa JDo (inayoendesha sentensi ya J), JSetM (inayompelekea mgeni data), JGetM (inayosoma jibu) na JFree (inayofunga sesheni): weka `argtypes`, na hoja ya kwanza, yaani `jt`, iwe `c_void_p` siku zote. Kwenye Windows maktaba inaitwa j.dll, kwenye Mac ni libj.dylib. Mengine yote hayabadiliki.

3. Usishangae Akija Mikono Mitupu

JInit inakupa J ya msingi tu. Alama zote zipo, zinafanya kazi, lakini zile funksheni za ziada ulizozoea kwenye jconsole, kama `load`, hazimo. Ziko kwenye skripti ambazo jconsole huzipakia yenyewe inapoanza. Ukiita `load` ukaambiwa value error, tulia, hujaharibu kitu. Kwa kazi nyingi za mahesabu huzihitaji kabisa, na ukizikosa J inaamka haraka zaidi. Skripti yako mwenyewe ipakie hivi:

    0!:0 <'/srv/ushirika/malipo.ijs'

4. Beba kwa Lori

Hiki ukikishika vizuri, umeshafika nusu ya safari. Kila unapoita J kutoka Python kuna gharama ya kuvuka mpaka: jina linatafutwa, data inanakiliwa, jibu linarudi. Gharama yenyewe ni ndogo, lakini zidisha kwa 12,000, maana wafugaji 400 kwa siku 30 ni namba 12,000 za lita zilizoandikwa. Ukizivusha moja moja, utamaliza muda wote mpakani na J haitapata nafasi ya kukuonyesha inachoweza. Pakia jedwali zima kwenye lori moja, vuka mara moja, fanya kazi yote upande wa pili, rudi na jibu moja.

Ukijikuta unaita JDo ndani ya kitanzi cha Python, simama. Karibu kila mara kitanzi hicho kinaweza kuhamia ndani ya J na kupotea kabisa. Wastani wa kila siku kwa wafugaji wote:

    (+/ % #) lita

Wastani wa kila mfugaji kwa siku zake zote:

    (+/ % #)"1 lita

Tofauti ni `"1` tu, inayoiambia J ifanye hesabu ile ile mstari kwa mstari. Hakuna kitanzi kipya, hakuna funksheni ya pili. Ndiyo maana naipenda!

5. Namba Usiziandike Kama Barua

Kishawishi kinajulikana: una orodha ya namba Python, unaigeuza kuwa maandishi, unaibandika kwenye sentensi ya J, unaituma kwa JDo. Usifanye hivyo, tafadhali. Tazama kinachotokea. Karani ameingiza marekebisho matatu ya lita: 3, kisha kasoro 5, kisha 2. Python inakuandikia hivi:

    m =: 3 -5 2

Kwenye J alama ya namba hasi ni mstari wa chini, `_5`. Kistari cha kawaida ni kutoa. Kwa hiyo J inasoma "chukua 3, utoe 5 na 2", na inakujibu `_2 1`. Umetuma namba tatu, zimerudi mbili, na hakuna kosa lolote lililotangazwa! Namba ndogo sana nazo zina yao: Python inaandika `1e-05`, J inataka `1e_5`.

Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada: ritifaa. J hufunga maandishi kwa alama hiyo hiyo. Jaribu kutuma `aina =: 'ng'ombe'` uone. J inadhani neno limeishia kwenye "ng", kisha inakuta alama ya mwisho imefunguka bila kufungwa. Murang'a nayo hivyo hivyo, na Ng'ambo ya Unguja. Unaweza kuandika ritifaa mara mbili, `'ng''ombe'`, lakini siku moja utasahau, na siku hiyo itakuwa ya malipo.

Njia salama ni JSetM. Unaipa jina, aina ya data, idadi ya vipimo, ukubwa wa kila kipimo na mahali data ilipo, na J inajinakilia baiti zenyewe. Hakuna kutafsiri, hakuna ritifaa, hakuna kistari. JDo iachie sentensi ulizoandika wewe mwenyewe.

6. Nyoosha Safu Kabla ya Kuituma

J huhifadhi jedwali mstari baada ya mstari, kama C, na NumPy nayo kwa kawaida hufanya hivyo. Neno lenyewe ni "kwa kawaida". Ukigeuza jedwali kwa `.T`, NumPy haisogezi hata baiti moja. Inabadilisha tu namna ya kulitazama. Ukimpa mgeni anwani ya jedwali hilo, atasoma mpangilio wa zamani, na lita za mfugaji mmoja zitaangukia kwa mwingine. Kabla ya JSetM weka mstari huu mmoja:

    a = np.ascontiguousarray(a, dtype=np.float64)

Umepiga ndege wawili kwa jiwe moja: safu imenyooka, na aina inajulikana. Kama ni namba kamili tumia `np.int64`, maana J ya biti 64 inatarajia baiti nane kwa kila namba. Zile za biti 32 zinazotoka kwenye mafaili ya zamani zigeuze kwanza.

7. Uliza Aina Ndipo Usome

Umetuma desimali, kwa hiyo zitarudi desimali, siyo? Siyo! J huchagua aina kulingana na jibu. Muulize nani alileta zaidi ya lita kumi, `lita > 10`, na jibu ni ndiyo na hapana, baiti moja kila moja. Zijumlishe, utapata namba kamili. Jumlisha namba kamili kubwa kupita uwezo wa biti 64, J itahamia kwenye desimali yenyewe bila kukuuliza.

JGetM inakuambia aina kwa namba: 1 ni ndiyo na hapana, 2 ni herufi, 4 ni namba kamili, 8 ni desimali. Andika kamusi ndogo ya Python yenye hizo nne, kila moja na aina yake ya NumPy, na usisome data kabla hujaiangalia. Mistari minne ya kamusi, na usingizi wa miezi.

8. Nakili Papo Hapo

JGetM haikuletei data nyumbani. Inakuonyesha mahali ilipo ndani ya kumbukumbu ya J. Mahali hapo ni pa J, na sentensi inayofuata inaweza kupafuta au kupaweka kitu kingine. Kwenye majaribio yangu ya wafugaji kumi kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya wafugaji 400, ripoti ikatoka na lita ambazo hakuna ng'ombe duniani anayeweza kuzitoa. Nilikuwa nimeshika pointa, nikaita JDo tena, ndipo nikasoma. Dawa ni fupi: malizia kila usomaji kwa `.copy()`, kabla hujafanya jambo lingine lolote.

9. Herufi Mbili Zinazookoa: rb

J inapenda mkwaju wa kinyume. Jumla inayokua siku kwa siku, kwa mfano, ni `+/\`. Python nayo ina matumizi yake ya mkwaju huo ndani ya maandishi. Chukua orodha uliyoiita `nusu`, lita za nusu ya mwezi, uandike:

    j.JDo(jt, b"s =: +/\nusu")

Umeiona? Python imechukua `\n` ikaifanya mstari mpya, na iliyobaki ni `usu`. Andika `rb"..."` badala ya `b"..."`, Python itaacha kila kitu kilivyo.

Bora zaidi, msimbo wa J uweke kwenye faili lake la .ijs, na Python ibaki na sentensi fupi za kuita majina tu. Ndani ya faili hilo tumia `NB.` kuandika maelezo kwa Kiswahili cha kawaida, mstari mmoja juu ya kila funksheni. Mwenzako atakayefungua faili hilo atahitaji hasa jambo moja: J husoma kutoka kulia. `2*3+4` ni 14, siyo 10. Mwandikie hilo juu kabisa ya faili, atakushukuru.

10. Sifuri Hii Ifurahie

JDo hurudisha namba. Sifuri maana yake sentensi imepita salama. Nyingine yoyote ni kosa, na namba inakuambia lipi: 3 ni data isiyofaa kwa kazi hiyo, 9 ni urefu usiolingana. Tatizo ni kwamba usipoiangalia namba hiyo, Python inaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea, na unasoma jibu la mwezi jana. Andika funksheni moja ndogo inayoita JDo, inaangalia namba, na ikiwa siyo sifuri inaiuliza J yenyewe:

    kosa =: 13!:12 ''

Hayo ni maneno ya kosa la mwisho. Yasome kwa JGetM, uyainue kama kosa la kawaida la Python. Kuanzia hapo kila hitilafu ya J itaonekana kwenye kumbukumbu zako za seva kama nyingine zote, na hutaita JDo tupu tena.

11. Sifuri Hii Iangalie Mara Mbili

Python ukigawanya sifuri kwa sifuri inapiga kelele. J inasema jibu ni 0, kimya kimya, kwa makusudi. Sasa fikiria mfugaji ambaye ng'ombe wake amekauka, mwezi mzima hakuleta kitu, na orodha yake iko tupu. `(+/ % #)` ya orodha tupu ni sifuri gawanya kwa sifuri, yaani 0. Hakuna kosa, na huenda kwake ni sawa. Lakini ukichukua wastani wa wastani wa wafugaji wote, huyo mmoja anaushusha chini pamoja na wenzake waliokamua kila siku. Amua mapema orodha tupu ina maana gani kwenye kazi yako, uzichuje upande wa Python kabla ya kuvuka. Na kile kitanzi chako cha zamani usikitupe! Kiweke kwenye majaribio, kikokotoe jedwali dogo lile lile, ulinganishe majibu. Kipe orodha tupu, mfugaji mmoja, siku moja. Makosa mengi hujificha kwenye vidogo hivyo.

12. Chumba Kimoja, Mtu Mmoja

Seva ya wavuti ina thredi kadhaa, na zote zinamtaka mgeni kwa wakati mmoja. Usizifuate. Sesheni moja ya J ihudumie thredi moja kwa wakati, basi. Wengi hudhani kufuli la ndani la Python litawalinda, lakini ctypes huliachia kufuli hilo kila inapoita maktaba kupitia `CDLL`. Kwa hiyo weka `threading.Lock` yako mwenyewe, uishike tangu JSetM ya kwanza hadi `.copy()` ya mwisho. Kama seva inatumia michakato mingi, ita JInit ndani ya kila mchakato baada ya kuanza, kila mmoja uwe na mgeni wake.

Na ukiwa bado unaandaa seva, soma leseni pia. Msimbo wa J umetolewa kwa GPL toleo la 3 tangu 2011, na wenye kuhitaji masharti mengine huzungumza na wenyewe kuhusu leseni ya kibiashara. Kuitumia kwenye seva yako ni jambo moja. Kuifunga ndani ya programu unayowauzia watu ni jingine, na ni vizuri ulijue kabla ya kusaini mkataba.

13. Funga Mlango Kabla Wageni Wengine Hawajaingia

J ina mkono mrefu. `2!:0` inaendesha amri za mfumo, `1!:55` inafuta faili. Ndiyo maana maandishi ya mtumiaji hayapaswi kufika JDo hata siku moja, hata kama ni jina la mfugaji tu. Kidokezo cha 5 kimeshakupa njia: data ipite JSetM.

Kisha ongeza komeo. Ukishapakia skripti zako zote, na siyo kabla, tuma sentensi hii:

    9!:25 ]1

Ule mkono mrefu unafungwa, na ndani ya sesheni hiyo hakuna sentensi inayoweza kuufungua tena. Usiisahau `]` hapo katikati: bila yake J inasoma `25 1` kama orodha moja ya namba mbili, inakurudishia kosa, na mlango unabaki wazi. Funksheni yako ndogo ya kidokezo cha 10 italiona kosa hilo mara moja.